Ukingo wa bati chini ya mlango: mahali sahihi pa kuweka jeki

Kabla sijalegeza nati hata moja ya tairi, mimi hupiga magoti kando ya gari na kupitisha kidole chini ya milango, kuanzia nyuma ya tairi la mbele hadi karibu na tairi la nyuma. Hapo pana ukingo mwembamba wa bati unaoelekea chini, na mara nyingi huo peke yake hunionyesha namna gari lilivyokuwa likinyanyuliwa tangu liliposhuka bandarini. Ukingo uliotunzwa umenyooka kama rula. Ule ulioumizwa umelala upande, rangi yake imepasuka, na katika magari mengi yanayotembea hapa Dar es Salaam, kutu imeshaanza kuula.

Magari madogo tuliyoyazoea, kama IST, Vitz, Passo na Premio, hayana chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Chini ya milango, kila upande, pana boriti ya bati iliyo wazi kwa ndani mfano wa bomba la pembe nne, nayo hubeba sehemu kubwa ya uimara wa gari na hukinga abiria gari linapogongwa ubavuni. Boriti hiyo hufanywa kwa vipande vya bati vilivyokutanishwa kingo zao na kuchomelewa kwa nukta nukta, na pale vinapokutana ndipo unapopatikana ukingo ninaousema. Ukiuangalia vizuri utaona mikato miwili midogo iliyo karibukaribu, nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mingine miwili mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ni alama ya mtengenezaji: kati ya mikato hiyo bati limeongezewa nguvu kwa ndani, na hapo ndipo jeki inapotakiwa kukaa. Sentimita 20 pembeni ya hapo, ukingo unafanana kabisa kwa macho, lakini hauna nguvu ile.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alielewe ni kwamba sehemu hiyo ilitengenezwa pamoja na jeki yake. Chukua jeki ndogo ya kukunja iliyokuja na gari, utaona kichwani ina mfereji. Ukingo huingia ndani ya mfereji huo, ukashikwa pande zote mbili, na uzito ukashuka wima. Bati lililosimama wima hubeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani, kama kadi ngumu unayoisimamisha mezani na kuikandamiza kwa kiganja: ikiwa imenyooka na imeshikiliwa pembeni, inastahimili, ikianza kuinama kidogo tu, inakunjika mara moja. Sasa chukua jeki ya toroli, ile ndefu yenye magurudumu inayoonekana katika kila gereji. Kichwa chake ni sahani ya chuma yenye meno pembezoni, haina mfereji wowote. Ukiiweka moja kwa moja chini ya ukingo, kilo 300 au zaidi zinakaa juu ya bati ambalo unene wake hauzidi milimita chache, bila kitu cha kulishika lisiiname. Siilaumu jeki ya toroli, kwa sababu ni chombo kizuri na mimi huitumia kila siku. Kosa ni kukutanisha vitu viwili ambavyo havikutengenezewa kukutana.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta kipande cha mpira mgumu kinachokaa vizuri juu ya sahani ya jeki, ukikate mfereji katikati wenye kina kinacholingana na urefu wa ukingo, ili ukingo uzame ndani na mabega ya mpira yaguse sehemu bapa ya boriti pande zote mbili. Vipande vya namna hii huuzwa tayari, lakini hata kipande cha mbao ngumu kilichokatwa mfereji kinafaa, mradi nyuzi za mbao zisielekee upande mmoja na mfereji, la sivyo mbao itapasuka mzigo ukipanda. Mbao laini ya kreti usiiguse.

Hivi karibuni nililetewa IST iliyokuwa ikitoa sauti ya maji kila ilipopiga breki. Mwenyewe alidhani ni tangi la mafuta. Nilipoinama nikakuta ukingo wa upande wa kushoto umelazwa kwa urefu wa kiganja kizima, umebanwa hadi kugusa tumbo la boriti, na matundu madogo ya kutolea maji, ambayo kila boriti huwa nayo kwa chini, yamezibwa na bati lililokunjwa. Nilipenyeza bisibisi bapa, nikalifungua tundu moja taratibu, na maji ya rangi ya kahawia yenye mchanga mwembamba yakatiririka kwa muda mrefu. Maji hayo yalikuwa yakikaa ndani ya chuma mvua baada ya mvua. Ukingo ukikunjwa, rangi hupasuka, gundi inayoziba maungio huachia, unyevu huingia katikati ya mabati mawili, na huko brashi ya rangi haifiki. Kwetu sisi tunaoishi na hewa ya chumvi ya bahari, jambo hili huenda haraka zaidi, na magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, hutufikia yakiwa tayari na kutu tumboni.

Zipo sehemu nyingine ambazo nimeona watu wakiziwekea jeki kwa sababu tu zipo karibu. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ni mojawapo. Ikibonyea, nafasi kati ya sakafu yake na chujio la pampu ya oili hupungua, na injini inaweza kukosa oili ingawa kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Sakafu ya gari nayo ni bati tupu, tena kwa ndani kidogo ya ukingo mara nyingi hupita mabomba membamba ya breki na ya mafuta. Jeki ikikosea kwa upana wa kiganja, inayabana. Boriti ya ekseli ya nyuma katika magari mengi ya kuvuta kwa mbele imeundwa kujipinda, hivyo siinyanyui kwa katikati isipokuwa kitabu cha gari husika kinaruhusu. Kwa magari yanayotumia umeme, kama Nissan Leaf, betri hukaa chini ya sakafu, na kasha lake halipaswi kuguswa na jeki kabisa.

Sasa nije kwenye usalama wa mtu, maana bati hunyooshwa lakini mkono haunyooshwi. Nilipokuwa bado najifunza kazi, katika gereji moja ya mtaani, tulinyanyua gari kwa jeki ya toroli juu ya mchanga. Sikujua wakati huo kwamba mkono wa jeki hiyo haupandi wima; kichwa chake huchora upinde, na kadiri gari linavyopanda, jeki yenyewe hutakiwa kutembea kidogo kulifuata gari. Ndiyo maana ikapewa magurudumu. Juu ya mchanga magurudumu yalizama, jeki ikashindwa kutembea, kichwa kikateleza chini ya bodi, na gari likaangukia diski ya breki huku sahani ya jeki ikikwangua tumbo na kulibana bomba la breki. Hakuna aliyekuwa chini. Tangu siku hiyo sinyanyui gari kwa jeki ya toroli isipokuwa juu ya zege au sakafu ngumu, na sikazi mpini wala sizuii magurudumu yake. Ukipata pancha kwenye barabara ya vumbi, tumia jeki ya kukunja, na chini yake uweke ubao mpana usiozama.

Kabari ni jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza, kwa imani kwamba gia ya otomatiki ikiwa kwenye P, yaani ya kuegesha, gari haliendi popote. Gari la kuvuta kwa mbele likiwa kwenye P, kinachofungwa ni gia boksi, si tairi moja moja. Katikati ya matairi mawili ya mbele pana difu, ambayo huruhusu tairi moja lizunguke upande huu na jingine upande ule. Unaponyanyua tairi la mbele la kulia, hilo limekuwa huru hewani, na kwa sababu hiyo la kushoto lililobaki chini nalo linaweza kubingirika. P haikushikilii tena chochote. Kinacholizuia gari ni handibreki ya nyuma peke yake. Kwenye Land Rover Defender za zamani hali ni ya hatari zaidi, kwa kuwa handibreki yake haishiki matairi bali hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma huenda ukabaki huna breki kabisa. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi lililo upande wa pili kwa mshazari, na uziweke kabla jeki haijagusa gari. Nati nazo zilegezwe robo mzunguko tairi likiwa bado chini, kwa sababu nguvu unayoitia kwenye spana gari likiwa hewani ndiyo hiyo hiyo inayolisukuma litoke kwenye jeki.

Jeki hunyanyua, stendi, yaani kile kiguu cha chuma kinachowekwa chini ya gari lililokwisha kunyanyuliwa, hushikilia. Mafuta ya jeki hushikiliwa na sili ndogo za mpira, na sili hizo zinaweza kuachia bila kukuarifu. Tofali la saruji halichukui nafasi ya stendi: linabeba uzito vizuri likikandamizwa sawasawa juu pote, lakini uzito ukikaa kwenye nukta moja ya chuma hupasuka ghafla, bila kuinama kwanza. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: ikiwa jeki imeshakalia alama ya kunyanyulia, stendi itakaa wapi? Jibu langu ni kunyanyua kwa krosimemba ya mbele, ile fremu nene iliyofungwa kwa bolti chini ya injini, pale kitabu cha gari kinapoonyesha kwamba inafaa, kisha stendi mbili zikae kwenye alama za ukingo zikiwa na mpira wenye mfereji. Likishakaa, lisukume gari kwa bega kabla hujaingia chini. Kama litatikisika, ni heri litikisike wakati huo. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya boriti.

Hilux na Land Cruiser zenye chesisi hazina shida ya ukingo. Weka jeki kwenye ekseli au kwenye reli ya chesisi, ukijua kwamba ukiweka kwenye reli utapandisha sana kabla tairi halijaacha ardhi, kwani springi hunyooka kwanza.

Kama ukingo wa gari lako umeshalala, usiupige nyundo. Ushike kwa koleo pana au vaisi ya mkono, uunyooshe kidogo kidogo kwa urefu wake wote, ufungue matundu ya maji, ukwangue kutu, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha uzibe maungio upya bila kuyaziba matundu. Na kama bati linavunjika mkononi unapolinyoosha, sehemu hiyo isiwekewe jeki wala stendi tena mpaka boriti ikatwe na kuchomelewa na fundi bodi.