Ulimwengu si Ramani: Maana ya Ulimwengu wa Kujitungia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa meza yetu ya michezo ya kuigiza wahusika alitukuta barazani baada ya Isha, hapa Amu, kisiwani Lamu, akiwa na karatasi kubwa iliyoviringishwa chini ya kwapa. Aliitandaza juu ya mkeka, akaiwekea madadu pembeni isipeperuke. "Nimemaliza ulimwengu wangu," alisema. Ilikuwa ramani, na nzuri kweli: milima imetiwa kivuli, mito ina rangi ya buluu, miji thelathini na kitu, kila mmoja na jina lililofikiriwa. Mchezaji mmoja, mtoto wa baharia, akamwuliza watu wa ule mji wa juu kabisa wanateka maji wapi. Kijana akajibu, "Hapo bado sijafika."

Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia mtu akisema amemaliza ulimwengu hali amemaliza ramani. Nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya madadu, karatasi na penseli, msimamizi, yaani anayesimulia mchezo na kuuendesha, anahitaji mahali pa kuwatia wachezaji wake. Anaweza kununua mahali palipokwisha andikwa na kuchapishwa, au apatunge mwenyewe. Akipatunga mwenyewe, huo ndio ulimwengu wa kujitungia, au homubruu kama wanavyouita wengi. Kuna na sheria za kujitungia, lakini hizo ni habari nyingine na hazimchanganyi mtu.

Homubruu ni neno la Kiingereza, na asili yake ni pombe inayopikwa nyumbani badala ya kiwandani. Baadaye likatanuka likabeba chochote mtu alichojitengenezea kwa mkono wake. Mwaka 1975, kule Menlo Park, California, wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakijiundia mashine zao walianza kukutana kwenye gereji, na kikundi chao kikajulikana kwa jina la Homebrew Computer Club. Mimi neno lenye pombe ndani yake silipendi kinywani, hasa barazani wazee wakiwa wanapita, lakini hiyo si sababu yangu kubwa ya kusema "kujitungia". Sababu yangu ni kwamba neno letu ni bora kuliko lao.

Tazama tunatunga nini. Tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ukambaa, tunatunga shairi. Kote humo kuna uzi mmoja unaopita ndani ya vitu vingi vikashikana, na ukivuta kimoja vingine vinakuja. Shanga zilizomwagwa kwenye sinia, hata ziwe za marijani, hazijatungwa. Basi na miji thelathini iliyokaa kila mmoja peke yake kwenye karatasi, isiyouziana kitu, isiyodaiana, isiyooana, hiyo ni shanga kwenye sinia.

Halafu neno "ulimwengu". Wengine husema "dunia ya kujitungia", na sigombani nao, ila maneno haya mawili hayako sawa. Dunia tumeipata kwa Kiarabu, na kule asili yake ni kilicho karibu: maisha haya ya karibu, yakilinganishwa na akhera iliyo mbele. Dunia inatazamwa kwa kulinganishwa na kingine. Ulimwengu una jamaa zake. Una walimwengu, ambao ni watu wake, na una malimwengu, ambayo ni mambo yake: tamaa, madeni, fitina, ndoa, biashara, yote yanayowashughulisha watu wake mchana kutwa. Lugha imetuwekea mahali, watu na mambo yao katika shina moja. Mwenye mahali tu ana theluthi ya neno.

Na sote tumekulia kwenye methali ile: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sikiliza kazi uliyopewa ulimwengu pale. Haukukaa kutazamwa kama picha ukutani. Unafunza. Mtu anafanya jambo, nao unamrudishia. Hiyo ndiyo kazi yake mezani vilevile: mchezaji akifanya ambalo msimamizi hakulitarajia, ulimwengu unajua la kumjibu. Mahali pasipojibu, hata pakichorwa kwa wino wa dhahabu, hapajafikia jina hilo.

Nitoe mfano wa karibu, ambao hakuna msimamizi aliyeutunga. Ng'ambo yetu, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa, mji wa mawe ulioachwa zamani. Kufika kwa mashua unapita kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, na unaupita maji yakijaa. Yakipwa, unabaki kwenye tope. Manda ina shida ya maji matamu. Shela, upande huu wa kwetu, ina milima ya mchanga, na mvua ikinyesha mchanga unayanywa maji na kuyahifadhi chini, ndiyo hayo visima vinayotoa. Watu wa Shela huhesabu kwamba wazee wao walitoka Takwa. Na pale Takwa limesimama kaburi la mnara lenye maandishi ya miaka ya 1680, na watu wa Shela wamekuwa wakirudi kulizuru na kuomba. Wanaomba nini? Mvua.

Vuta uzi huo uone. Maji yanamhamisha mtu. Mtu akihama, makaburi hayahami. Makaburi yanamrudisha ziarani, na ziara inangoja maji ya bahari yajae. Ramani ya Manda ingekuonyesha nukta na jina "Takwa" kando yake. Kilichomo ndani ya nukta ni hayo niliyoyataja, na mtu akikupa hayo manne tu bila ramani yoyote, unaweza kuendesha usiku mzima wa mchezo. Wahusika wamefika maji yanapwa, mashua imekaa upande, saa sita za kungoja. Nani mwingine amekwama hapo pamoja nao? Anakimbia nini? Siku za bamvua maji yanapwa mbali mno na kurudi kwa nguvu; siku za maji mafu hayana tofauti kubwa. Mchezaji anayejua kuhesabu mwezi tayari ana silaha ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yake.

Pepo nazo ni vivyo hivyo. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na hapo katikati nahodha hana la kufanya ila kungoja. Mtu anayengoja miezi anapanga nyumba, anakopa, anakopesha, anaoa. Upepo tu, lakini ndani yake kuna ukoo mzima.

Hata waanzilishi wa michezo hii hawakuanza na ramani iliyokamilika. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipotoka mwaka 1974, mnunuzi alipata sheria, ulimwengu hakuuziwa; kila msimamizi ilimbidi ajitungie. Gygax mwenyewe, huko Lake Geneva, Marekani, alianza na ngome moja na mashimo yaliyo chini yake. Mji ukaongezeka kando ya ngome, kisha nchi zilizouzunguka mji, kadiri wachezaji walivyohitaji kwenda. Greyhawk, ndivyo alivyouita, ikachapishwa kama ulimwengu wa kununuliwa mwaka 1980. Ilikua kwa kuulizwa maswali, na maswali yaliulizwa na watu waliokuwa wakiicheza.

Kuna kosa la pili, ndugu wa hili la kwanza: mtu kuita kisa chake ulimwengu. Anakuja na habari ya mfalme atakayesalitiwa na mdogo wake usiku wa tatu, na upanga utakaopatikana pangoni, na vita vya mwisho. Hicho ni kisa, na huenda ni kitamu. Wachezaji wakikataa kuonana na mfalme, wakaenda kuvua, kisa kinakatika. Ulimwengu haukatiki. Huko walikokwenda kuvua kuna mwenye pwani, kuna bei ya samaki, kuna sababu kwa nini mwaka huu samaki ni haba, na mfalme akisalitiwa kule nyuma watasikia sokoni bei ya chumvi imepanda.

Wala ulimwengu si kampeni. Kampeni ni msururu wa vikao ambavyo kundi moja linapita na wahusika wao. Neno limetoka kwenye Kilatini, campus, uwanja, likapitia Kiitaliano na Kifaransa kwa maana ya nchi tambarare, jeshi linapotoka kambini kwenda vitani. Ndilo lililowafikia wanasiasa wetu, na michezo ya vita ndiyo iliyolileta mezani. Meza ya Ijumaa na meza ya Jumapili zinaweza kuwa na kampeni mbili katika ulimwengu mmoja, na jahazi lililochomwa moto Ijumaa likakosekana bandarini Jumapili. Nimeona hilo likitokea, na sijaona furaha mezani kuipita ile ya mtu aliyetambua ni nani waliolichoma.

Yule kijana sikumwambia ramani yake haina kazi, maana inayo. Nilimwambia, "Mwanangu, hii umechora vizuri, ibakize. Lakini usiiite ulimwengu bado. Shika miji mitatu tu, mingine iache ilale. Chini ya kila mmoja andika maji yanatoka wapi, nani anamdai nani, na ni mwezi gani bahari haipitiki."

Alikaa kimya, nikadhani nimemvunja moyo. Kisha akachukua penseli, na kando ya ule mji wa juu akaandika kwa herufi ndogo: visima vimeingia chumvi. Akaitazama karatasi kitambo, kidole chake kikishuka na mto hadi mji wa pili, kikarudi juu.

"Ami," akasema, "basi hawa watahamia wapi?"