Kolajeni ya Kopo na Mifupa ya Mama

Siku hazipiti bila kuulizwa hapa kaunta, daktari (mie mfamasia, lakini Mombasa ukivaa koti jeupe basi ushakuwa daktari), hii kolajeni ya kopo, ule unga wa protini wa kunywa, yafaa mifupa ama ni ya ngozi tu? Swali zuri hilo, manake mfupa si kalsiamu tupu, ukitoa madini ile protini inayobaki karibu asilimia 90 ni kolajeni, na hiyo ndio inaupa mfupa unyumbufu usikatike kama kigae.

Sasa ukiinywa usidhani inateremka moja kwa moja mpaka nyongani. Tumbo linaikatakata kama protini nyingine yoyote, vinaingia damuni vipande vidogo vidogo, na kuna watafiti wanaosema hivyo vipande vinazichokoza seli zinazojenga mfupa. Utafiti unaotajwa sana ni wa Ujerumani, ulitoka 2018, wamama 131 waliokwisha koma hedhi na mifupa imeanza kuwa myepesi, wengine wakapewa gramu 5 kila siku mwaka mzima, wengine unga usio na kolajeni, na waliofika mwisho ni 102. Wa kolajeni mifupa ya mgongo na nyonga ikaongezeka uzito kidogo, wenzao ikapungua. Sawa, lakini aliyelipia ni kampuni inayotengeneza hiyo hiyo kolajeni, na utafiti haukuangalia kama watu walipunguza kuvunjika, na mie hilo ndilo ninalolitaka!

Kwa hivyo ukiwa na pesa zako na wapenda kunywa, kunywa, ila soma kopo imetoka kwa ng'ombe, samaki ama nguruwe, wengi hapa kwetu watataka kujua hilo kabla ya bei.

Kinachoniudhi ni mama kaandikiwa alendronati, dawa ya mifupa iliyodhoofika, anaiacha dawa anachukua kopo. Alendronati ya miligramu 70 ni kidonge kimoja kwa wiki, na hiyo imepimwa ikaonekana inapunguza kuvunjika mgongo na nyonga. Najua ina usumbufu, asubuhi kabla hujala, glasi nzima ya maji, halafu nusu saa usilale. Ikikuchoma kifua usiiache kimyakimya, rudi kwa daktari umwambie, kuna dawa nyingine ya mifupa, ya dripu, mara moja kwa mwaka.