Kanisa halikugawanyika siku moja mwaka 1054

Wengi wamefundishwa kwamba Wakatoliki na Waorthodoksi waliachana tarehe 16 Julai 1054. Ni kweli siku hiyo Kadinali Humbert aliweka hati ya kutenga watu na Kanisa juu ya altare ya Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli (Istanbul ya leo). Lakini hati yenyewe ilimtenga Patriaki Mikaeli Kerulario, mkuu wa Kanisa la mji huo, na wafuasi wake, si Kanisa zima la Mashariki. Watu wa mji, hati hiyo iliwasifu. Tena Papa Leo IX, aliyemtuma Humbert, alikuwa amefariki tangu Aprili, kwa hiyo hata mamlaka ya mjumbe huyo yana shaka. Siku chache baadaye sinodi ya patriaki ikamlaani Humbert na wajumbe wenzake, bila kumgusa Papa.

Ubishi juu ya mkate usiotiwa chachu katika Ekaristi na maneno "na Mwana" katika Kanuni ya Imani (kwamba Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba na Mwana) ulikuwepo kabla, ukaendelea baadaye. Jeraha lililozama zaidi, kwa maoni yetu, ni la 1204, wanajeshi wa Msalaba kutoka Magharibi walipouteka na kuupora mji huo. Miungano ya Makanisa haya mawili iliyofanywa kwenye mitaguso ya Lyon, 1274, na Firenze, 1439, haikudumu.

Laana za 1054 ziliondolewa tarehe 7 Desemba 1965. Ushirika wa Ekaristi, yaani kukomunika pamoja, bado haujarejea.