Slaisi haina dawa ya dukani: dhana potofu kuhusu vifaa vya mazoezi ya swingi ya gofu

Jumamosi iliyopita, jua hata halijachangamka, mzee mmoja wa handikapu 22 (yaani bado si mchezaji mahiri) kafungua buti la gari pale renji, uwanja wetu wa mazoezi ya gofu, akaanza kunishushia vitu. Fimbo yenye bawaba katikati, mpira wa kuning'iniza shingoni ukae kati ya mikono, mkanda wa kufunga viwiko, kibao cha plastiki cha kuzuia fimbo isitokee nje (upande wa mbali na mwili), na cha mwisho bado kiko kwenye nailoni yake, mpwa wake kakileta kutoka Dubai. Akaniambia, kocha, slaisi (mpira kupinda pembeni) bado ipo, sa ninunue kipi? Nikacheka ila moyoni hapana, maana huyo ni mtu wa nne mwezi huu na swali ni lile lile.

Haya tuanze na hiyo hiyo, maana ndo inaniudhi kuliko zote: kwamba kuna kifaa cha slaisi.

Hakuna jamani. Slaisi ni kama homa, unaweza kuwa na malaria, unaweza kuwa na UTI, unaweza kuwa umeshinda juani tu, na anayemeza dawa ya malaria bila kupima tunamjua mwisho wake. Kwa anayepiga mkono wa kulia, mpira unapinda kulia kwa sababu uso wa fimbo, pale panapogonga mpira, ulikuwa wazi, yaani umetazama kulia, kuliko njia ambayo fimbo ilipita. Sasa hapo kosa linaweza kuwa la njia, linaweza kuwa la uso, na kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, inawezekana si hiki wala kile, unagonga tu kwa kisigino cha fimbo, upande wa karibu na mpini, na mpira ukigongwa kisiginoni unazungushwa kulia hata kama swingi, yaani mzungusho wa fimbo, ilikuwa nzuri kabisa. Magonjwa matatu hayo, na kila kifaa kinatibu mmoja, wewe umenunua kwa kuangalia video ya mtu ambaye ugonjwa wake si wako.

Halafu wengi bado wana ile imani ya zamani kwamba mpira unaanza kwenda kule fimbo ilikopita kisha unapinda kuufuata uso. Ni kinyume. Mpira unaanza kwenda kule uso ulikotazama, asilimia kama 75 mpaka 85 kutegemea na fimbo, halafu unapinda kuikimbia njia. Yaani ukiangalia tu mpira umeanzia upande gani ushapima nusu ya ugonjwa. Umeanza kushoto ukapinda kulia, fimbo inatokea nje. Umeanza kulia na ukazidi kulia, uso ulikuwa wazi, na hapo hata ukinunua vibao kumi vya njia unajisumbua.

Nikampa mzee ayani 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, apige mipira sita. Yote sita ilianza kulia. Nikalaza fito mbili chini kuangalia njia, njia haina neno. Nikaangalia mkono wa kushoto: kidole gumba kimelala katikati juu ya mpini na kifundo kinachoonekana ni kimoja tu. Basi, kumbe gripu, namna anavyoshika fimbo. Na kile kibao kilimfundisha miezi miwili kupiga kutokea ndani, kwa hiyo mpira umepunguza kupinda ila unaanza kulia na kunyoosha hivo hivo hadi kwenye miarobaini, na yeye anahesabu ni maendeleo maana haupindi tena kama zamani! Tukageuza mkono kulia mpaka vifundo viwili na nusu vikaonekana. Akalalamika kocha hapa nimeshika jembe. Wa tatu ukaenda kushoto kabisa, wa nne ukanyooka. Sisemi kapona, gripu inataka wiki kadhaa mpaka mkono uzoee, ila gharama yake ilikuwa sifuri.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, poda ya mtoto. Pakaza kidogo kwenye uso wa draiva, piga, angalia alama iko wapi, rudia mara tano. Halafu simu, iegemeze kwenye begi nyuma yako kwenye mstari wa unakolenga, kimo cha mikono yako, slow motion. Ukija kwangu na hivyo viwili tutaelewana ndani ya dakika kumi.

Dhana nyingine ni fimbo nzito, kwamba ukizungusha ile yenye ringi ya chuma kabla ya kupiga utapata umbali. Unachopata ni hisia. Fimbo yako ya kawaida inaonekana nyepesi kwa hiyo unahisi una kasi, wenzetu wa baseball waliopima wamekuta kasi mara nyingi inashuka badala ya kupanda. Anayetaka kasi anafanya mazoezi ya kuzungusha vitu VYEPESI kwa nguvu zote. Seti za kasi zinazouzwa sasa utaona fimbo mbili ni nyepesi kuliko draiva, asilimia kama 20 na 10, na moja tu ndo nzito kwa asilimia 5. Nzito ni ya kupasha misuli, itumie hivo na uiache kwenye gari. Nasema uiache maana kuna mtu aliniuliza mbona wanamkataza kwenye mashindano. Kanuni ya 4.3 ya gofu hairuhusu kuzungusha kifaa cha mazoezi katikati ya raundi, kosa la kwanza mikwaju miwili kwenye stroke play (mashindano ya kuhesabu mikwaju), la pili unatolewa. Juli Inkster, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, mwaka 2010, anasubiri kwenye tii ya 10 (pa kuanzia shimo la 10) karibu nusu saa, akaweka ringi kwenye ayani 9 ajipashe, mtazamaji wa TV akaripoti, wakamtoa, kanuni ya wakati ule ilikuwa kali zaidi. Na alikuwa karibu kabisa na kileleni.

Cha ghali ndo kizuri? Achana na hiyo. Zile fimbo mbili za kulaza chini kuonyesha mwelekeo wanazouza kwa dola, mwanzi unafanya kazi ile ile. Begi la kugonga kwa fimbo badala ya mpira, jaza kiroba nguo kuukuu. Henry Cotton, Mwingereza aliyechukua The Open (mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza) mara tatu, 1934, 1937 na 1948, alikuwa anapiga tairi la gari. Seve Ballesteros, Mhispania ambaye alibeba Kenya Open 1978, alijifunzia ufukweni na ayani 3 moja, mchanga haukutaka chaji wala bluetooth.

"Nikikivaa napiga vizuri sana kocha." Najua. Ukikivua je? Mwili unaegemea kifaa kama mtu anayejifunza baiskeli huku ameshikwa nyuma. Mipira mitatu nacho, mitatu bila, na ile bila ndo uihesabu.

Ile imani ya kichwa chini, kwamba usinyanyue macho unapopiga, na vile vitu vya kushikilia kichwa kisinyanyuke, sitaki hata kuviongelea. Annika Sörenstam na David Duval, wachezaji waliowahi kuwa namba moja duniani, walikuwa wanatazama mbele fimbo inapogonga mpira, sa wewe nani kakwambia.

Ila mkeka wa renji naomba niuseme vizuri maana watu hawauhesabu kama kifaa na ndo unadanganya kuliko vyote. Ukigonga chini kabla ya mpira, kwenye mkeka fimbo inateleza na kuingia chini ya mpira, unasikia safi, unajipigia makofi. Kwenye nyasi pigo lile lile linachimba na mpira unaenda hatua ishirini. Dawa yangu ni taulo. Likunje, liweke kama sentimita 10 nyuma ya mpira, piga bila kuligusa. Wanafunzi wangu wanalichukia hilo taulo kama nini.

Mzee wa Jumamosi jana kaweka picha ya vifaa vyake vyote vitano kwenye group la WhatsApp la klabu, bei ya kutupa. Viliisha kabla ya adhuhuri, na aliyechukua kile kibao cha njia ni mwanafunzi wangu, ana gripu mbovu kuliko ya mzee.