Fakturi ya simu za usiku: makampuni ya Lubumbashi na usalama wa mitambo ya simu

Miezi hii dirisha letu la huduma ya simu kwa makampuni linapokea barua zinazofanana: "Fakturi yenu ina makosa, sisi hatukupiga simu hizi." Zinatoka kwa mawakala wa forodha wanaofanya kazi na mpaka wa Kasumbalesa, kwa hoteli za mjini, kwa wauza vipuri vya migodi. Kwa heshima zote, mara nyingi fakturi haina kosa. Simu zilipigwa kweli, kutoka kwenye mtambo wa kampuni, ule unaogawa simu kwa namba za ndani za biro, kwa neno la siri la kampuni. Aliyezipiga ndiye hayupo Lubumbashi.

Rekodi ya namna hiyo husomeka hivi. Jumamosi, saa tano na dakika 40 usiku, biro imefungwa tangu mchana. Namba ya ndani 101, ya mapokezi, inapiga kisiwa ambako kampuni haina hata mteja mmoja. Dakika ileile 101 hiyohiyo iko kwenye simu nyingine kumi na mbili, nchi tatu tofauti, na zote zinabaki wazi mpaka alfajiri. Hakuna anayezungumza. Namba zile ni za malipo makubwa, na aliyezikodi anapata fungu lake kwa kila dakika. Neno la siri la 101 lilikuwa 101.

Mwizi huyu hakuhitaji virusi. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha kwenye mlango 5060, ambao simu za intaneti huutumia, zikijaribu namba za ndani moja baada ya nyingine. Hazijui ukubwa wa kampuni yenu wala hazijali. Kwa hiyo ile hoja ya "sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" tunaomba isirudi tena kwenye barua za malalamiko. Mwaka 2020 Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilieleza kundi lililoingia kwenye mitambo ya simu ya mashirika karibu 1,200 kupitia ufa wa programu ambao kiraka chake, yaani marekebisho ya kuuziba, kilikuwa kimetoka tangu 2019. Kiraka kilikuwepo, wenye mitambo hawakukiweka.

Virusi navyo vipo, na havipiti mlango mmoja. Machi 2023 programu ya simu ya 3CX, ile ya kuweka kwenye kompyuta, ilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe ikiwa na sahihi halali na virusi ndani. Wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua kwamba mfanyakazi wa 3CX alikuwa amepakua programu nyingine iliyochafuliwa, na wavamizi wakapitia hapo. Siku za kwanza programu za ulinzi zilipotoa onyo, baadhi ya watumiaji walidhani ni onyo la uongo. Onyo likitokea, fundi aangalie kwanza ndipo mtu abonyeze "puuza". Na mwaka 2024 Microsoft ilionya kuhusu matapeli wanaopiga simu kwa Teams, programu yake ya mikutano, wakijifanya mafundi wa kampuni, wakimwomba karani afungue Quick Assist, inayomruhusu mtu wa mbali kuongoza kompyuta, ili "wamsaidie". Karani akate simu, kisha ampigie fundi kwa namba anayoijua.

Mambo ya VPN (njia iliyofungwa ndani ya intaneti), kutenganisha rezo ya simu na ya kompyuta, na kusimba simu kwa TLS na SRTP ili zisisikilizwe njiani, mafundi wenu wa informatiki wanayafahamu, hatutayarudia. Tunaomba zaidi mambo ambayo ni ya patroni kuamua: nchi zipi kampuni inapiga, saa zipi, na kwa kiwango gani cha juu cha pesa kwa siku. Wengi wanategemea kwamba umeme wa SNEL ukikatika usiku kila kitu kinazimika. Sivyo: mtambo wa simu ndio wa kwanza kuunganishwa kwenye betri, basi mwizi naye anapata umeme wenu.

Mkishuku wizi, chomoeni mtambo kwenye intaneti lakini msiufute. Tumesema hili mara nyingi. Fundi anayeanza upya kila kitu "ili kusafisha" anafuta pia ushahidi. Baada ya hapo pigeni simu dirishani ili tufunge simu za kimataifa, kisha leteni barua yenye muhuri, namba ya RCCM (rejista ya biashara), nakala ya kitambulisho cha mkurugenzi, na rekodi za simu kutoka kwenye mtambo wenyewe, si picha ya skrini. Barua isiyo na rekodi inapokelewa lakini haichunguzwi. Wakati wa uchunguzi sehemu ya fakturi isiyobishaniwa inalipwa kama kawaida. Isipolipwa, laini inasimamishwa, na kuirudisha kuna ada yake. Uchunguzi ukionyesha simu zilipitia neno la siri la mteja, deni linabaki la mteja, kama mkataba unavyosema. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na mashtaka yanafunguliwa parketini, ofisi ya mwendesha mashtaka, na kampuni iliyoibiwa. Sisi hatuyafungui kwa niaba yake; tunatoa rekodi parketi ikiziomba.

Ombi la kufunga simu za kimataifa usiku na mwisho wa wiki halilipiwi. Fomu ni ukurasa mmoja, na isainiwe na mkurugenzi, si na fundi.