Ukweli nusu ndio chambo: video za mzaha na wapenzi wa teknolojia

Kazi yangu ni uhandisi wa elektroniki, na video ya mzaha kuhusu kifaa fulani inapozagaa, wanaoniletea wakiwa wameiamini mara nyingi ni watu wanaovijua vifaa vyao barabara. Hilo halinishangazi, kwa sababu mzaha wa aina hii hujengwa juu ya kanuni ya kweli ambayo mgeni wa teknolojia hata haijui, kisha ukanyamaza kuhusu kiasi kinachohitajika ili kanuni hiyo ifanye kazi.

Mwaka 2007, chaneli ya YouTube iitwayo HouseholdHacker ilionyesha kitunguu kilichotobolewa na kulowekwa katika kinywaji cha wanamichezo cha Gatorade, kikachomekwa waya wa USB, na iPod ikaonekana inachaji. Aliyesoma sayansi anakumbuka jaribio la umeme wa ndimu, ambapo kipande cha zinki na cha shaba huchomekwa kwenye tunda, basi anakubali kabla ya kuuliza metali mbili tofauti ziko wapi. Nishati ya jaribio lile haitoki katika tunda, bali katika zinki inayoliwa polepole, na seli moja ya zinki na shaba hutoa takriban volti 1 tu, ilhali USB hutumia volti 5.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa mwaka 2008, ambapo simu kadhaa zilipangwa mezani zikizunguka punje za mahindi, zikapigiwa kwa pamoja, na punje zikaruka zikiwa bisi. Kanuni ni ya kweli: simu hutoa mawimbi ya redio, na tanuri la maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya jamii hiyohiyo. Tofauti iko katika wati. Simu ya GSM, yaani ya mtandao wa kizazi cha pili, hutoa kwa kilele wati 2, tena kwa vipindi vifupi vifupi, hivyo wastani wake ni kama robo ya wati, na mawimbi hayo husambaa pande zote. Tanuri hutoa mamia ya wati ndani ya kisanduku cha chuma kisichoyaruhusu kutoroka, na bado huchukua muda kuifikisha punje kwenye nyuzi 180 hivi za Selsiasi, ambapo mvuke ulionaswa ndani huipasua. Simu ingekuwa na uwezo huo, sikio la mpigaji lingeiva kwanza. Waliotengeneza video hiyo, Cardo Systems, walikuwa wauzaji wa vifaa vya masikioni vya Bluetooth. Bisi ziliangushwa kutoka juu, na punje zikafutwa kwa kompyuta.

Floris Kaayk, mtengeneza filamu wa Uholanzi, alikuwa fundi wa subira. Akijiita Jarno Smeets, alionyesha hatua kwa hatua ujenzi wa mabawa ya kumwezesha mtu kuruka kama ndege, yanayoongozwa na vidhibiti vya mashine ya michezo ya Wii, na mwezi Machi 2012 "akaruka". Vipuri vilikuwa halisi; kuruka kulichorwa kwa kompyuta.

Mzaha wa Septemba 2016 siuchekei. TechRax, mtengeneza video wa YouTube, aliibana iPhone 7, simu iliyotoka bila tundu la hedifoni, kwenye jiliwa na kuitoboa kwa drili, akidai kwamba tundu hilo lilikuwa limefichwa humo, na iliripotiwa kwamba wapo walioiga. Plagi ya milimita 3.5 hufanya kazi kwa kugusana na vibati vya metali vilivyounganishwa na sakiti ya sauti, navyo havizaliwi kwa kutoboa. Betri ya lithiamu, kwa upande wake, ikitobolewa huweza kuwaka moto papo hapo.