Rehema kamili si maondoleo ya dhambi

Tangu Jubilei ya 2025, Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, tangazo hili limesikika mara nyingi mno: "Njoni mpate rehema kamili, msamehewe dhambi zenu zote." Nusu ya kwanza ni sawa. Nusu ya pili si sawa.

Rehema, kwa maana hii ya Kanisa Katoliki, ni kufutiwa mbele ya Mungu adhabu za muda, yaani zisizo za milele, kwa ajili ya dhambi ambazo zenyewe zimekwisha kusamehewa. Ikifuta adhabu zote ni kamili. Ikifuta sehemu tu, si kamili.

Linalotuchanganya ni neno lenyewe. Kilatini kina maneno mawili tofauti: misericordia, yaani huruma, na indulgentia, ambalo katika sheria za Roma ya kale lilitumika kwa kusamehewa kodi au adhabu. Hilo la pili ndilo tuliloliita "rehema", neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi mmoja na "marehemu", yaani aliyerehemiwa. Lakini "rehema" lilikuwa na kazi yake tayari. Katika Biblia ya Union Version, Zaburi ya 51 inaanza, "Ee Mungu, unirehemu." Aliyelelewa na zaburi hiyo akisikia "rehema kamili" ataelewa huruma yote ya Mungu, na msamaha wote ndani yake. Kiswahili chake hakina kosa. Tafsiri ndiyo iliyomponza.

Na zaburi hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha tofauti. Ni ya mfalme Daudi, baada ya nabii Nathani kumjia kwa habari ya Bathsheba, mke wa mtu aliyezini naye. Katika 2 Samweli 12 Nathani anamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake na hatakufa; papo hapo anamtajia yatakayompata hata hivyo. Hatia imeondoka, matokeo yamebaki. Rehema inagusa hayo yaliyobaki. Hatia ya dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, pamoja na adhabu yake ya milele, huondolewa katika sakramenti ya Kitubio, yaani maungamo kwa padre, na huondolewa yote. Padre akishatamka maondoleo, hakuna nusu ya msamaha inayokusubiri kwenye kanisa la hija.

Ndiyo maana maungamo ni sharti la rehema kamili. Masharti mengine ni kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zatosha), kutenda tendo lililopangwa (kama kuhiji kwenye kanisa lililoteuliwa), na kutoambatana na dhambi yoyote, hata ndogo. Maungamo yanaweza kufanyika siku kama 20 kabla au baada ya tendo, na ungamo moja hutosha kwa rehema kadhaa. Komunyo na sala hurudiwa kwa kila rehema. Kwa kawaida hupatikana moja tu kwa siku, kwa ajili yako au ya marehemu, si kwa mtu mwingine aliye hai. Wengi hukwama kwenye lile sharti la moyo, la kutoambatana na dhambi. Hapo rehema huwa isiyo kamili, nayo si kitu cha kudharau. Lakini mwenye dhambi ya mauti asiyeungama, hata akizunguka makanisa yote ya hija, hapati rehema ya aina yoyote, wala dhambi yake haikuguswa.

Vitabu vya zamani vya sala viliandika kando ya rehema "siku 300" na kadhalika. Hazikuwa siku za kupunguziwa toharani, yaani katika kutakaswa baada ya kufa. Zilipimwa kwa malipizi ya Kanisa la kale, yaani siku za toba walizopangiwa wakosefu. Papa Paulo VI aliifuta hesabu hiyo mwaka 1967.

Dominika ya Huruma ya Mungu, yaani Dominika ya pili ya Pasaka, nayo ina rehema kamili, tangu 2002, na hapo huruma na rehema hukutana katika tangazo moja. Tunaomba tu wasomaji wa matangazo walipange upya: "Njoni muungame, msamehewe dhambi zenu; kisha, mkitimiza masharti, mpate na rehema kamili."